Hitilafu Ambayo Prosesa Haikuitaja

Prosesa ya Intel 80386 ilitangazwa Oktoba 1985 ikiwa na transista 275,000 na uwezo ambao kompyuta za mezani za kawaida hazikuwa nao kabla yake. Iliweza kuigawa kumbukumbu katika kurasa za baiti 4,096, kuipa kila programu ramani yake yenyewe, na kuisimamisha programu papo hapo ikigusa ukurasa usiokuwepo au usioruhusiwa. Ndani ya uwezo huo kulikuwa na sheria moja ndogo. Programu ya kawaida ikijaribu kuandika kwenye ukurasa wenye alama ya kusomwa tu, prosesa inaikamata na kuikabidhi kwa kerneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia mashine nzima. Lakini kerneli yenyewe ikiandika kwenye ukurasa huo huo, alama haina kazi. Maandishi yanaingia, na hakuna anayeambiwa.

Sheria hiyo haikuwa siri. Vitabu vya Intel viliieleza wazi. Hata hivyo ilizaa kasoro ambazo wajenzi wa Linux walipambana nazo kwa miaka 21, na kwangu mimi ndiyo hitilafu ngumu kuliko zote katika historia ya kurasa za kumbukumbu: ile iliyopaswa kutokea ikakosa kutokea. Hitilafu inayojitangaza ina anwani na ina saa. Mtu anaweza kuifuata. Ile iliyonyamaza humwacha mhandisi na madhara tu.

Kurasa zenyewe zilizaliwa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kumbukumbu ya haraka ilitengenezwa kwa vipete vidogo vya sumaku vilivyofumwa kwa waya, na bei yake ilikuwa kubwa mno. Ya bei nafuu ilikuwa ngoma ya sumaku, silinda inayozunguka mfululizo, yenye nafasi kubwa lakini ya polepole. Mwandishi wa programu alilazimika kupanga mwenyewe, kipande kwa kipande, ni kipi kitolewe kwenye ngoma, wakati gani, na kiwekwe wapi. Mara nyingi mipango hiyo ilimchosha kuliko hesabu aliyokuja kuifanya.

Kikundi cha Tom Kilburn katika Chuo Kikuu cha Manchester, kikishirikiana na kampuni ya Ferranti, kiliamua kumtua mzigo huo. Kompyuta yao, Atlas, ilizinduliwa rasmi tarehe 7 Desemba 1962. Kumbukumbu yake ya haraka ilichukua maneno 16,384 ya biti 48, na ngoma zake 98,304. Mwandishi wa programu hakuona mpaka kati ya hizo mbili. Kumbukumbu ya haraka iligawanywa katika vyumba 32 vya maneno 512, na kila chumba kilikuwa na rejista iliyoshika namba ya ukurasa uliomo. Programu ilipotaja anwani, rejista zote 32 zililinganishwa kwa mpigo mmoja. Moja ikikubali, kazi inaendelea. Zote zikikataa, amri inasimamishwa, programu ya msimamizi inaitwa, ukurasa unaletwa kutoka kwenye ngoma, na amri ile ile inaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa kuchagua ukurasa wa kutoa ili mwingine uingie, Atlas ilikuwa hata na programu iliyojifunza: iliangalia kila ukurasa ulikuwa umekaa muda gani bila kuguswa, na safari iliyotangulia ulikaa muda gani.

Hapo ndipo ulipowekwa mkataba kati ya maunzi na kerneli. Mashine igundue kwamba ukurasa haupo, iseme ni upi, kisha iiruhusu programu iliyokatizwa irudi pale pale ilipoachia. Atlas ilitimiza yote. Mashine ndogo zilizokuja baadaye, zilizojengwa kwa bei ya chini, zilipunguza mkataba huo hapa na pale, na kila kilichopunguzwa kililipwa na mwandishi wa kerneli.

Motorola 68000 ya mwaka 1979 ilipunguza sehemu ya mwisho. Ilikuwa prosesa iliyopendwa sana na wajenzi wa kompyuta za Unix, na ilikuwa na njia ya kuambiwa kwamba anwani iliyoombwa haipatikani. Ilichokosa ni rekodi ya mahali ilipofikia. Amri moja ya 68000 huweza kusoma, kuongeza rejista, kisha kuandika. Ikikatizwa katikati, rejista imeshaongezwa na maandishi hayajafika, na taarifa iliyoachwa kwenye staki haikutosha kueleza nusu ipi imekwisha. Kerneli iliweza kuuleta ukurasa uliokosekana. Haikuweza kuirudia amri bila hatari ya kufanya jambo moja mara mbili.

Waliohamishia Unix kwenye prosesa hiyo walikutana na shida mahali wasipopatarajia. Ganda la amri la Steve Bourne, lililotoka na Toleo la 7 la Unix mwaka 1979, halikuwa na desturi ya kuomba kumbukumbu mapema. Liliandika mbele kwa mbele hadi likavuka mpaka, likapokea ishara ya kukiuka kumbukumbu, likaiomba kerneli nafasi zaidi, kisha likarudia amri iliyoshindwa. Kwenye kompyuta ya PDP-11 mbinu hiyo ilikwenda vizuri. Kwenye 68000 amri iliyoshindwa haikurudika, na ganda ambalo kila mtumiaji alilihitaji ili kuamuru lolote likawa halitegemeki.

Staki nayo ilikuwa na shida hiyo hiyo, kwa sababu hukua programu inapoendelea. Hapo waandishi wa kompaila walipata njia ya kuzunguka. Kila funksheni ilipoanza, kabla ya kufanya lolote, ilitekeleza amri moja ya kupapasa: iligusa anwani ya chini kabisa ambayo ingeihitaji kwenye staki, ikapima kilichomo, basi. Amri hiyo haikubadilisha rejista yoyote wala kumbukumbu yoyote. Ikikatizwa, hakuna cha kurudia. Kerneli inaitambua, inapanua staki, inairuka na kuendelea na inayofuata. Kila funksheni ya kila programu ililipa amri moja ya ziada ili kufidia taarifa chache ambazo chipu haikuzihifadhi.

Kampuni ya Apollo Computer ya Chelmsford, Massachusetts, ilichagua njia ya gharama zaidi. Kompyuta yake ya kwanza, DN100 ya mwaka 1981, iliwekewa prosesa mbili za 68000. Ya kwanza ilipogusa ukurasa usiokuwepo, haikuambiwa kwamba imeshindwa. Iliachwa ikisubiri jibu la kumbukumbu, imeganda katikati ya amri, huku ya pili ikishughulikia kuuleta ukurasa kutoka diskini. Ukurasa ulipofika, jibu lilitolewa, na ya kwanza ikaendelea bila kujua kwamba muda ulikuwa umepita. Nalistahi sana suluhisho hilo. Kwa kuwa amri haikuweza kukatizwa salama, wahandisi wale walihakikisha haikatizwi. Mwaka 1982 Motorola ilitoa 68010, iliyomimina hali yake ya ndani kwenye staki kila hitilafu ilipotokea, na prosesa ya pili ikakosa kazi.

Huko Berkeley, California, pengo lilikuwa jingine. VAX-11/780 ya kampuni ya Digital, iliyotangazwa mwaka 1977, ilijua kugundua ukurasa usiokuwepo na kuirudia amri. Haikuweka alama ya kuonyesha ukurasa upi umetumiwa karibuni, na bila alama hiyo kerneli haina msingi wa kuchagua upi utolewe kumbukumbu ikijaa. Özalp Babaoğlu na Bill Joy, walioongeza kurasa kwenye Unix iliyotoka mwishoni mwa 1979 kwa jina la 3BSD, waliziandika kurasa zilizokuwepo kana kwamba hazipo. Programu ikigusa mojawapo, hitilafu inatokea. Kerneli inaandika kwamba ukurasa huo bado unahitajika, inaufungua, na programu inaendelea. Baada ya mzunguko kupita, kurasa ambazo hazikuzusha hitilafu ndizo zilizofaa kutolewa. Hitilafu ikawa chombo cha kupimia.

Tuje Helsinki. Linus Torvalds alinunua kompyuta yake ya 386 mwanzoni mwa Januari 1991, akiwa na miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Ilikuwa ya megahezi 33 na megabaiti 4 za kumbukumbu. Alitaka kuijua prosesa hiyo kwa ndani. Toleo la 0.01 la Linux, la Septemba mwaka huo, tayari lilikuwa na msimbo mfupi wa lugha ya asembli wa kupokea hitilafu namba 14, ambayo ndiyo hitilafu ya ukurasa kwenye prosesa za Intel. Msimbo ulisoma anwani iliyokosewa kutoka rejista CR2, ukatazama biti ya kwanza ya msimbo wa hitilafu, ukachagua njia moja kati ya mbili: ukurasa haupo, au ukurasa upo lakini umefungwa.

Njia ya kwanza ilipanuka Desemba. Mtu mmoja wa Ujerumani alikuwa na megabaiti 2 tu za kumbukumbu, na kompaila ya GCC haikuenea humo pamoja na kerneli, kwa hiyo hakuweza kuijenga Linux kwenye mashine yake. Torvalds mwenyewe hakuhitaji jambo hilo, ila alimfanyia. Katika siku za kuelekea Krismasi ya 1991 Linux ilipata uwezo wa kupeleka kurasa diskini na kuzirudisha, uwezo ambao Minix, mfumo alioanzia, haukuwa nao.

Njia ya pili ndiyo inayotupeleka kwenye shida yetu. Katika Unix, programu huzaa nyingine kwa kujinakili. Kunakili kumbukumbu yote ni kupoteza muda, kwa sababu mara nyingi mtoto huitupa nakala hiyo papo hapo na kuanza programu tofauti. Hivyo kerneli inawapa mzazi na mtoto kurasa zile zile, na kuziwekea alama ya kusomwa tu pande zote mbili. Wakisoma, wanatumia pamoja. Mmoja akitaka kuandika, prosesa inazusha hitilafu, kerneli inatengeneza nakala ya ukurasa huo mmoja, na kila mmoja anabaki na wake. Usahihi wote wa mpango huu umesimama juu ya sharti moja, kwamba hitilafu itatokea kila mara mtu anapoandika.

Sasa chukua programu inayosoma faili. Haijimiminii data yenyewe; inaiomba kerneli, na kerneli ndiyo inayoweka baiti za faili kwenye bafa iliyoonyeshwa. Tuseme bafa hiyo iko kwenye ukurasa ambao mzazi anautumia pamoja na mtoto. Kwenye 386 kerneli inaandika, alama ya kusomwa tu haiheshimiwi, na baiti zinaingia kwenye ukurasa wa wote wawili. Mzazi amepata alichoomba. Mtoto, ambaye hakuomba chochote, anakuta data yake imebadilika. Skrini haina ujumbe na hakuna programu iliyouawa. Dalili huja baadaye, pengine katika programu nyingine kabisa, kwa sura ya herufi zisizoeleweka katikati ya faili lililokuwa safi. Anayeitafuta kasoro hiyo ataanza na programu ya mtoto, na humo hatakuta kosa hata moja.

Dawa ilikuwa kuilazimisha kerneli ifanye kwa mkono kile ambacho prosesa haikukifanya. Kabla ya kuandika baiti hata moja kwenye eneo la programu, kerneli iliita funksheni iliyoitwa verify_area, ambayo ilipita ukurasa mmoja mmoja wa eneo hilo. Ikikuta uliofungwa, inautengenezea nakala mapema. Kazi hiyo ilirudiwa kila mara kerneli ilipomwandikia mtumiaji chochote, na ilitegemea nidhamu ya kila aliyeandika dereva. Mmoja akisahau kuiita, mlango uko wazi tena.

Intel iliziba pengo kwenye 486, mwaka 1989, kwa biti moja: biti ya 16 ya rejista CR0, inayojulikana kama WP. Ikiwashwa, kerneli nayo inakamatwa. Lakini mashine za 386 zilikuwa zimeenea, na Linux ilikuwa mfumo wa watu waliotumia walichokuwa nacho. Kerneli moja ilibidi iwake kwenye zote mbili na kujua iko kwenye ipi.

Ilijua kwa kujaribu. Msimbo wa jaribio hilo ni mistari michache, na unastahili kutazamwa kwa karibu. Kigezo kimoja kinapewa thamani ya -1, maana yake jibu bado halijulikani. Ukurasa mmoja unawekewa alama ya kusomwa tu. Kerneli inasoma baiti moja kutoka humo na kuiandika tena pale pale, baiti ile ile, ili hata maandishi yakipita lisiharibike lolote. Msimbo unaopokea hitilafu umeandaliwa mapema: ukikutana na hitilafu kwenye anwani hiyo huku kigezo bado ni -1, unakigeuza kuwa 1, unaufungua ukurasa, unachapa kwamba prosesa hii inaheshimu alama, na kurudi. Kerneli ikimaliza kuandika na kukuta kigezo bado ni -1, inajua prosesa imenyamaza. Inakiweka 0, na kuanzia hapo inabeba mzigo wa ukaguzi. Mistari ile iliuliza swali pekee lenye maana, yaani je, utaniambia nikikosea, na ikakubali jibu la vitendo peke yake.

Mwaka 1996, katika mfululizo wa majaribio wa 2.1, Linux iligeuza mpango wote. Kukagua kila ukurasa kabla ya kuutumia kulikuwa gharama iliyolipwa mara nyingi kwa ajili ya kosa la nadra. Sasa, kwenye prosesa zinazoheshimu alama, kerneli ilihakikisha tu kwamba anwani iko upande wa programu, kisha ikaandika moja kwa moja. Mtumiaji akiwa ametoa anwani mbovu, hitilafu inatokea ndani ya kerneli, na msimbo wa kupokea unatazama jedwali lililoandaliwa wakati kerneli ilipojengwa. Humo imeorodheshwa kila amri inayoruhusiwa kushindwa, pamoja na anwani ya msimbo wa kuiokoa. Amri ikiwemo, utekelezaji unahamia huko na programu inarudishiwa jibu la kosa. Isipokuwemo, kerneli ina kasoro ya kweli, na ndipo inapochapa ile ripoti ambayo wajenzi wa Linux huiita oops.

Kusoma ripoti hiyo kulikuwa ujuzi wa mkono. Mara nyingi mashine ilikuwa imekwama na ripoti haikufika diskini, kwa hiyo mtu alichukua kalamu na kunakili tarakimu kutoka kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Tuseme ripoti inataja anwani 00000014 na msimbo wa hitilafu 0002. Katika msimbo huo biti ya kwanza ni 0: ukurasa haukuwepo. Ya pili ni 1: ilikuwa kuandika. Ya tatu ni 0: aliyeandika ni kerneli. Anwani 14 kwa hesabu ya msingi wa 16 ni baiti ya 20, na hakuna mwenye akili timamu anayeweka data kwenye baiti ya 20 ya kumbukumbu. Basi kielekezi kilichopaswa kuonyesha mwanzo wa muundo fulani kilikuwa sifuri, na kerneli ilitaka kuandika kwenye sehemu iliyo baiti 20 ndani ya muundo huo. Hatua inayofuata ni kuchukua anwani ya amri yenyewe, kuitafuta katika orodha ya majina iliyotoka wakati wa kujenga kerneli, na kuona imeangukia ndani ya funksheni ipi. Programu ya ksymoops ilifanya tafsiri hiyo, mradi tarakimu zimenakiliwa bila kosa.

Kuna wakati ripoti ilielekeza mahali ambapo msimbo ulikuwa safi kabisa. Kielekezi kilichotarajiwa kuwa c2a41000 kimeonekana kuwa 42a41000. Ziandike tarakimu mbili za mwanzo kwa biti: 1100 na 0100. Tofauti ni biti moja, na kasoro ya programu haina tabia ya kudondosha biti moja ya juu na kuziacha nyingine 31 zimetulia. Mkosaji hapo ni chipu ya kumbukumbu. Tangu 1978 Timothy May na Murray Woods wa Intel walikuwa wameonyesha kwamba hata chembe za alfa, kutoka kwenye mabaki madogo ya urani na thoriamu ndani ya vifuniko vya chipu, huweza kugeuza biti. IBM PC ya 1981 ilibeba chipu ya tisa kwa kila nane ili igundue biti iliyogeuka. Katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji wengi wa kompyuta za bei nafuu waliiacha chipu hiyo ya tisa, na mashine zikapoteza njia yao ya kusema kwamba kumbukumbu imeharibika. Kwa watumiaji wengi wa Linux, aliyewaonyesha ubovu huo alikuwa GCC. Kuijenga kerneli kulijaza kumbukumbu kwa saa nzima au zaidi, na kompaila ikaanguka kwa ishara namba 11, kila mara kwenye faili tofauti. Kasoro ya programu hurudi mahali pake. Inayohamahama ni ya maunzi.

Chris Brady aliandika Memtest86, programu inayowaka peke yake bila mfumo endeshi na kuijaza kumbukumbu mifumo ya biti hadi chipu dhaifu ijitokeze. Rick van Rein wa Uholanzi akaenda mbele zaidi kwa kiraka chake cha BadRAM: kerneli inapewa anwani zilizooza, na kurasa zenye anwani hizo haziazimishwi kwa programu yoyote. Kumbukumbu ya megabaiti 64 ina kurasa 16,384. Kupoteza mbili au tatu hakumuumizi mtu. Yeyote aliyehudumia kompyuta za mitumba Dar es Salaam au Nairobi anajua maana ya kuokoa kipande cha kumbukumbu ambacho kingetupwa. Mgawanyo ule ule wa kurasa uliobuniwa ili kuficha udogo wa kumbukumbu ya Atlas ukatumika kuzungushia uzio kumbukumbu iliyooza.

Mfano bora zaidi wa kuitumia hitilafu ya ukurasa kutibu maunzi ulitokea Novemba 1997. Iligunduliwa kwamba baiti nne, F0 0F C7 C8, zilitosha kuigandisha Pentium kabisa, hata zikiendeshwa na mtumiaji asiye na ruhusa yoyote. Amri hiyo si halali, na prosesa ilipaswa kuzusha hitilafu namba 6. Badala yake ilikwenda kutafuta kwenye jedwali anwani ya kushughulikia hitilafu hiyo huku ikiwa bado imeshikilia kufuli la njia ya kumbukumbu, ikajifungia humo milele. Chipu zilikuwa zimeshauzwa duniani kote. Dawa iliyotumiwa na Linux 2.0.32, mwezi huo huo, ilikuwa kulihamisha jedwali. Kila kipengele cha jedwali hilo kina baiti 8. Lilipangwa ili vipengele saba vya mwanzo, namba 0 hadi 6, vikae mwishoni mwa ukurasa mmoja, na vilivyobaki vianze ukurasa unaofuata. Kisha ukurasa wa kwanza ukafungwa. Prosesa inapokwenda kutafuta kipengele cha 6 inagonga ukurasa uliofungwa, na hitilafu namba 14 inatokea kabla haijaganda. Msimbo wa kupokea unaona kwamba anwani iliyokosewa iko ndani ya jedwali lenyewe, unatoa mwanzo wa jedwali, unagawanya kwa 8, unapata 6, na kuishughulikia kama amri isiyo halali. Programu mbaya inauawa na mashine inaendelea. Kerneli ilisababisha hitilafu moja kwa makusudi ili kuipata nyingine ambayo prosesa ilishindwa kuitoa.

Hitilafu iliyonyamaza ya 386, hata hivyo, ilibaki, na ikawa mbaya zaidi programu zilipoanza kugawanyika katika nyuzi zinazotumia kumbukumbu moja. Uzi wa kwanza unaomba kusoma faili. Kerneli inakagua kurasa za bafa, inazikuta wazi, kisha inalala ikisubiri diski. Wakati huo uzi wa pili unazaa mtoto, na kurasa zote zinafungwa upya. Diski inajibu, kerneli inaamka, inaandika bila kukamatwa, na data ya mtoto imeharibika. Ukaguzi ulikuwa sahihi ulipofanywa, na ulikuwa umepitwa na wakati ulipotumiwa. Kerneli zilizojengwa kwa ajili ya 386 zilipewa njia nyingine, ya kunakili ukurasa mmoja mmoja huku kila mmoja ukishikiliwa mahali pake hadi baiti zimeingia. Ilikuwa polepole, na kila aliyegusa msimbo wa kumbukumbu alipaswa kuikumbuka. Si hiyo peke yake: 386 haikuwa na amri ya kulinganisha na kubadilisha kwa pigo moja, wala ya kufuta anwani moja tu kutoka kwenye akiba ya tafsiri za kurasa. Kila upungufu ulihitaji msimbo wake wa kando.

Desemba 2012 Ingo Molnar alimpelekea Torvalds mabadiliko ya kuiondoa 386, akieleza kwamba ugumu wake ulikuwa ukiongeza kazi kwa miaka mingi kila walipotaka kubadilisha misingi ya mashine zenye prosesa nyingi. Torvalds aliyapokea, ingawa yalimaanisha kwamba kompyuta ya aina aliyoanzia mwaka 1991 isingeweza tena kuwasha Linux mpya. Toleo la 3.8 likatoka Februari 2013 bila msimbo ule wa kando. Jaribio la baiti moja kwenye ukurasa uliofungwa liliachwa kwenye kerneli ya biti 32, ila jibu lake lilibadilishwa: maandishi yakipita bila hitilafu kuzuka, kerneli inachapa kwamba haitumiki kwenye prosesa ya namna hiyo, na kusimama hapo hapo.